Kuku Aliyeitwa Yatima

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.T.), Mola wa viumbe vyote, aliyetujaalia kuufikia tena mwezi huu mtukufu wa Ramadhani. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, maswahaba zake na kila mwenye kuifuata njia yake mpaka Siku ya Kiyama. Ama baad.



Mada hii niliizungumza mbele ya vijana baada ya futari, na nikaombwa niiandike ili na aliye nyumbani aipate. Nitaiandika vile vile nilivyoisema. Mimi si shekhe, ni mzazi tu. Nilipotangaza kwamba nitazungumza juu ya kuku, vijana waliokaa nyuma walicheka. Mmoja akasema, "Mzee, futari tumeshakula, unatutamanisha nini tena?" Na wewe msomaji ukitaka kucheka, cheka kidogo, kisha unisikilize. Kwa sababu kuku huyu alinifundisha jambo ambalo nilikuwa nalisoma miaka mingi na sikuwa nimelielewa.

YATIMA

Mwaka 2006 tulikuwa tunakaa Kisauni, Mombasa. Mama yangu mzazi, ambaye watoto wanamwita Bibi, alikuwa akifuga kuku wa kienyeji pale uani. Kuku wa uani unawajua. Mchana wanaparua chini ya mwembe, jioni wanaingia wenyewe tunduni, na chakula chao ni makombo ya wali, pumba na chicha za nazi.

Masika ya mwaka huo kuku mmoja aliatamia mayai yake, na siku ya 21 vifaranga wakatoka. Asubuhi mvua ilikuwa inanyesha. Mama akatoka na watoto wake, kifaranga mmoja akabaki nyuma, amelowa, hata kusimama hawezi. Bibi akamtazama akasema, "Huyu jioni hafiki."

Binti yangu alikuwa na miaka minane. Akamchukua, akamtia kwenye kikapu juu ya kipande cha leso kuukuu, akamweka karibu na jiko la makaa. Akamsagia mchele, akamnywesha maji kwa ncha ya kidole. Jioni ikafika na kifaranga yuko. Asubuhi ikafika na kifaranga yuko. Siku ya tatu tukamrudisha kwa mamake, mamake akamdonoa kichwani akamfukuza. Basi binti yangu akamrudisha kikapuni, na tangu siku hiyo akamwita Yatima.

Yatima akakua. Akisikia patipati za yule mtoto mlangoni akirudi madrasa, anatoka mbio kumlaki. Mtoto akisoma Juzuu Amma barazani, Yatima amekaa chini ya kiti. Mwezi wa Shaaban akaanza kuwika, sauti kama mlango usiotiwa mafuta. Binti akafurahi, akataka kumbadilisha jina amwite Bilali kwa sababu anaamsha watu alfajiri. Bibi akamkatalia katakata. "Jina la swahaba halipewi kuku!" Akabaki Yatima.

Sasa mimi babake nilikuwa namwona nani? Wallahi, sikumwona Yatima. Niliona kilo moja na nusu ya nyama. Mshahara wangu haukuwa wa kutapanya, Iddi inakuja, na pale uani anatembea jogoo mnene wa kienyeji ambaye hakunigharimu hata shilingi. Katika akili yangu alikuwa ameshaingia kwenye sufuria.

Siku moja mtoto akaniuliza, "Baba, Yatima hatutamchinja, siyo?"

Nikamjibu, "Inshaallah."

Ndugu yangu mzazi, unalijua jibu hilo. Ni lile tunalolitoa tunapotaka mtoto aondoke na furaha yake, nasi tubaki na mipango yetu. Yeye alielewa kwamba hatutamchinja. Mimi nilielewa kwamba tutamchinja. Na katikati yetu nikaliweka jina la Mwenyezi Mungu, kama pazia. Nimetubia neno lile mara nyingi.

USIKU WA KUAMKIA IDDI

Ramadhani ile iliingia mwishoni mwa Septemba. Siku za mwisho mwisho, tukiwa tumekaa kwenye futari, Bibi akasema bila ya kuficha, "Jogoo yule ndiye wa Iddi. Mchana wake tupike biriani."

Mtoto akaweka kijiko chini. Akasema, "Bibi, ustadhi ametufundisha, mali ya yatima hailiwi. Sasa yatima mwenyewe ndio analiwa?"

Sote tulicheka. Bibi alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha tukaona kwamba yeye hacheki. Akainuka, akaacha tambi zake kwenye sahani, akaenda uani kukaa karibu na tundu.

Mimi nikapanga mpango wangu. Siku ya Iddi nitaamka mapema kabla yake, nitamchinja, na akiniuliza nitasema ameibiwa. Mtaani kwetu kuku walikuwa wakiibiwa kweli, kwa hivyo uongo wangu ulikuwa na miguu ya kusimamia. Nikamweleza mke wangu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema maneno machache. "Mwezi mzima umejizuia na chakula cha halali. Sasa ndio ukafungue Iddi kwa uongo?"

Akanikumbusha kisa cha Abdullah bin Amir (R.A.), kilichopokewa na Abu Daud. Alipokuwa mtoto mdogo, mamake alimwita aje ampe kitu, na Mtume (S.A.W.) yupo pale nyumbani kwao. Mtume akamuuliza yule mama alikusudia kumpa nini. Akasema tende. Mtume akamwambia kwamba lau hakukusudia kumpa chochote, angeandikiwa uongo mmoja. Angalia ndugu yangu! Ni mtoto, ni tende, na bado uongo ni uongo. Na Mtume (S.A.W.) ametufundisha, kama alivyopokea Imam Bukhari, kuwa asiyeacha kusema uongo na kuufanyia kazi, Mwenyezi Mungu hana haja na kuacha kwake chakula na kinywaji.

Usingizi haukuja. Kesho yake, baada ya swala ya Alasiri, nikamwita binti yangu barazani. Nikamwambia ukweli wote. Kwamba nilikusudia kumchinja Yatima tangu alipokuwa mdogo. Kwamba ile inshaallah yangu haikuwa ya kweli. Kwamba nilitaka kumdanganya tena. Nikamwomba anisamehe. Kumwomba mtoto wa miaka minane msamaha si jambo jepesi, jaribu uone.

Hakulia. Aliniuliza swali moja. "Akichinjwa, anaumia?"

Nikasema, "Kisu kikiwa kikali haumii sana."

"Na kisu chetu ni kikali?"

Nikanyamaza. Kisu chetu kilikuwa kile kile cha kumenyea muhogo, hata nyanya kilikuwa hakikati bila ya kuipondaponda. Kwa kisu hicho nilikuwa nimechinja kuku wangapi, na kila mara nasema Bismillahi Allahu Akbar kwa sauti kubwa? Hiyo ndiyo siku niliyotambua kwamba nilikuwa naisoma ile hadithi ya Shaddad bin Aus (R.A.) iliyomo katika Sahihi Muslim bila ya kuisikia. Inasema kwamba Mwenyezi Mungu ameandika wema katika kila kitu, hata katika kuchinja, na kwamba anayechinja akinoe kisu chake na amstareheshe mnyama wake. Maneno hayo nilikuwa nayajua kwa moyo. Kisu chetu hakikuwa kinayajua.

KUKU ASIYE NA JINA

Nikamwambia, "Basi, Yatima ni wako. Sitamchinja." Nikapanda baiskeli nikaenda soko la Kongowea kununua kuku mwingine.

Mwandamo wa Iddi pale sokoni unaujua. Watu ni wengi, kelele ni nyingi, kila mtu ana haraka. Kuku wamelazwa chini juani, miguu imefungwa kwa kamba, wawili wawili, watatu watatu, midomo wazi kwa kiu. Mimi nilikuwa nimeshapita pale mara mia na sikuwa nimewaona. Nikachagua mmoja, nikapatana bei, nikamning'iniza kichwa chini kwenye usukani wa baiskeli kama tulivyozoea, nikarudi nyumbani nimeridhika kwamba nimefanya jambo la huruma.

Binti yangu alinipokea mlangoni. Akamtazama yule kuku. Akamfungua kamba, akamwekea maji kwenye kifuniko cha sufuria. Kuku akanywa, akanywa, akanywa. Mtoto akasema, "Huyu alikuwa na kiu, Baba. Na yeye hajafunga."

Kisha akaniuliza, "Huyu ni wa nani?"

Nikasema, "Si wa mtu. Nimemnunua tu."

Akasema, "Basi huyu ndio hana wa kumlilia."

Ndugu yangu msomaji, hapa ndipo penye mada yangu. Sisi sote tuna huruma. Lakini huruma yetu wengi ina jina na ina uso. Tunamhurumia tunayemjua. Paka wetu, mbuzi wetu, mtoto wetu, jirani wa mlango wa pili. Yule asiye na jina kwetu, tunamning'iniza kichwa chini na hatuoni kitu. Mwenyezi Mungu ametufahamisha katika Suratul An'am, aya ya 38, kwamba kila mnyama atembeaye ardhini na kila ndege arukaye kwa mbawa zake ni umma mfano wetu sisi. Hakusema wale tuliowapa majina tu.

Na Ramadhani imeletwa kwa kazi gani, kama si hii? Tunashinda na njaa ili tumjue mwenye njaa ambaye hatujawahi kuonana naye.

HURUMA SI UDHAIFU WA IMANI

Asubuhi ya Iddi, baada ya swala, nilichukua kisu kipya. Nikakinoa nyuma ya nyumba, mbali na kuku, kwa sababu imepokewa na Al-Hakim kwamba Mtume (S.A.W.) alimkemea mtu aliyemlaza mnyama huku akinoa kisu mbele yake, akamuuliza kama anataka kumuua zaidi ya mara moja. Nikamchinja yule kuku wa Kongowea mahali ambapo Yatima na wenzake hawaoni. Ulikuwa mpito mmoja tu wa kisu. Nakiri kwamba mkono wangu ulitetemeka, na haujawahi kutetemeka kabla ya hapo.

Mchana wakaja jamaa. Biriani ikapakuliwa. Binti yangu akala wali na kachumbari, nyama hakugusa. Ami yake akasema kwa sauti, "Huyu mtoto mnamdekeza. Muislamu analilia kuku?"

Je, ni kweli? Je, Muislamu akimhurumia mnyama anayechinjwa imani yake imepungua? Hebu tumsikilize mwenye dini. Imepokewa na Imam Ahmad, na pia Imam Bukhari katika Al-Adab al-Mufrad, kwamba mtu mmoja alimwambia Mtume (S.A.W.) kuwa yeye humchinja kondoo na huku anamwonea huruma. Mtume hakumcheka. Hakumwambia awe mwanamume. Alimwambia kwamba akimhurumia kondoo, Mwenyezi Mungu atamhurumia yeye.

Soma tena taratibu. Yule mtu hakusema ameacha kuchinja. Alisema anachinja na anahurumia, vyote viwili kwa wakati mmoja. Na Mtume hakumwondolea kimoja katika hivyo viwili. Kisu mkononi, huruma moyoni, na juu yake ahadi ya rehema ya Mwenyezi Mungu.

Kwa hivyo wewe kijana unayeona haya kwa sababu roho yako inalia ukimshika kuku wa Iddi, usione haya. Roho hiyo ndiyo inayotakiwa. Wa kuogopa ni yule ambaye hasikii kitu. Vijana wa mtaani wanaomfunga kuku kamba wakamrushia mawe kwa mchezo, hao wajue kwamba Ibn Umar (R.A.) alipita kwa vijana waliomfunga kuku wakamfanya shabaha, wakatawanyika walipomwona, naye akawaeleza kwamba Mtume (S.A.W.) amemlaani anayefanya hivyo. Hadithi hiyo iko kwa Bukhari na Muslim. Ni kuku, ndugu zangu, kuku kama hawa wetu.

LAKINI HALALI NI HALALI

Wapo wengine huenda upande wa pili. Wakishampenda kuku mmoja wanasema kula nyama ni ukatili, na anayechinja hana utu. Hapo pia tumevuka mpaka. Katika Suratul Maida, aya ya 87, Mwenyezi Mungu ametukataza kuviharamisha vitu vizuri alivyotuhalalishia. Abu Musa al-Ash'ari (R.A.) aliletewa chakula chenye nyama ya kuku, na pale palikuwa na mtu aliyejitenga asile, kwa kuwa aliwahi kumwona kuku akila kitu akamwona mchafu. Abu Musa akamwita, akamweleza kwamba amemwona Mtume (S.A.W.) akila kuku. Hii nayo iko kwa Bukhari na Muslim.

Usipotaka kula nyama, huo ni uhuru wako, hakuna atakayekushika mdomo. Binti yangu hakula siku ile na hatukumlazimisha. Lakini kutokula ni jambo moja, na kuharamisha ni jambo jingine.

Wala usidhani kwamba kumwacha hai ndiyo mwisho wa huruma. Hilo nililijua kwa uchungu.

YALIYOMPATA YATIMA

Yatima aliishi. Mwaka 2007 ukaingia na jua kali kabla ya masika, na kideri kikaingia mtaani. Mfugaji anakijua. Kuku anasinyaa, mbawa zinaning'inia, anahema kwa shida, anaharisha majimaji ya kijani, wengine shingo inapinda. Kikishaingia hakina dawa ya kukitibu. Kinga yake ni chanjo tu, tone moja la jicho, kabla ya ugonjwa kufika, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Duka la dawa za mifugo lilikuwa njiani nikienda kazini. Nilipita pale kila siku. Mtoto alikuwa amemwokoa kuku na mvua, akamwokoa na kisu changu, na mimi mtu mzima sikuingia dukani kununua chupa ya chanjo.

Yatima alikufa siku ya tatu, ndani ya kile kikapu chake cha zamani ambacho sasa hakikumtosha. Kuku wa Bibi wakafa karibu wote. Mzoga ni haramu, kwa hivyo hakuna aliyefaidika kwa nyama, wala maskini hakupata kitu. Nikakumbuka kwamba kile kisu kikali nilichokiogopea mtoto kingekuwa cha dakika moja, na hiki kifo kilikuwa cha siku tatu.

Binti yangu alichimba shimo chini ya mwembe. Ami yake alikuwepo, na safari hii hakusema neno. Mimi nilikaa naye. Nilikuwa nimekikumbuka kisa cha Abu Umair, ndugu mdogo wa Anas bin Malik (R.A.), aliyekuwa na kindege chake cha kuchezea, kikafa. Mtume (S.A.W.), pamoja na uzito wote wa umma aliokuwa nao mabegani, alimwona yule mtoto ana huzuni akamsemesha kwa jina lake, akamuuliza habari za kile kindege. Kisa hiki kiko kwa Bukhari na Muslim. Kama Mtume wa Mwenyezi Mungu alipata nafasi ya kuuliza habari za kindege cha mtoto, wewe na mimi tuna shughuli gani kubwa zaidi?

TUFANYE NINI?

Sitaki tuondoke na hadithi ya kuku tu. Nakuomba, ndugu yangu, ushike mambo haya matano.

1. Mwambie mtoto ukweli mapema. Ikiwa kuku ni wa nyama, aelezwe siku anapoletwa, si siku ya kuchinjwa. Atahuzunika, lakini hatakuona mwongo. Na neno inshaallah liwe ni la kukusudia, lisiwe la kukwepea.

2. Mpe haki zake akiwa hai. Maji, kivuli, chakula, tundu kavu, na chanjo. Chupa moja ya chanjo inatosha kuku wengi kuliko wa nyumba moja, na ikishachanganywa haifai kuwekwa kesho. Basi majirani wachangishane, wachanje siku moja. Hiyo pia ni sadaka. Na ukinunua sokoni, mbebe kwa kumkumbatia au kwenye kapu lenye hewa, usimning'inize kichwa chini.

3. Jifunze kuchinja vizuri. Kisu kikali, taja jina la Mwenyezi Mungu, elekea kibla, kata koo, umio na mishipa miwili ya damu ya shingoni kwa mpito wa haraka. Usimvunje shingo wala usimtie kwenye maji ya moto mpaka roho itoke kabisa. Usimchinje mbele ya mwenzake. Na akina dada, kule kutuma mtoto barabarani akamtafute mwanamume yeyote anayepita aje achinje ni mazoea tu. Imam Bukhari amepokea kwamba mjakazi wa Ka'b bin Malik (R.A.) alimchinja kondoo aliyekuwa anataka kufa, kwa kutumia jiwe, na Mtume (S.A.W.) akaruhusu aliwe. Mwanamke Muislamu anayejua kuchinja achinje.

4. Usitupe. Hapa nasema na wewe ambaye hujawahi kumshika kuku hai, unayemnunua ameshakatwakatwa ndani ya mfuko. Naye alikuwa na roho. Mwezi huu wa kufunga ndio mwezi ambao mapipa yetu yanajaa chakula. Kiumbe ametoa uhai wake kwa jina la Mola wako, na wewe unatupa paja lake kwa sababu umeshiba sambusa!

5. Toa unachokipenda. Mwenyezi Mungu ametueleza katika Suratu Al Imran, aya ya 92, kwamba hatutaufikia wema mpaka tutoe katika vile tunavyovipenda. Kumpa maskini kuku usiyemjali ni rahisi. Mpe yule uliyemlea.

MWISHO

Hilo la tano sikulifundisha mimi. Baada ya Yatima, binti yangu alianza tena na vifaranga. Akajifunza kuchanja, akawa anaitwa nyumba hadi nyumba na kichupa chake ndani ya kikombe cha barafu. Mwaka 2008, alipokuwa na miaka kumi, Ramadhani ilipofika mwishoni, alimleta mwenyewe jogoo mmoja aliyemlea tangu yai. Nikamuuliza kama ana hakika. Akasema, "Nusu tumpelekee yule mama mjane wa nyuma. Watoto wake hawajala kuku tangu Iddi iliyopita." Kisha akanitazama machoni. "Baba, kisu umekinoa?"

Safari hii nilikuwa nimekinoa. Alimshika mwenyewe, akamfunika macho kwa kiganja, akasema Bismillahi pamoja nami. Machozi yalimtoka, naye hakuyaficha. Na mchana, kwa mara ya kwanza, alikula. Alikula polepole, mpaka mfupa ukabaki mweupe.

Leo ni mama mwenye nyumba yake, na kwake ndiye anayechinja. Nikienda kumtembelea huwa ananipakulia, kisha anangojea aone kama nitabakisha. Sibakishi.

Ewe Mola wetu, tukubalie saumu zetu na visimamo vyetu. Tulainishie nyoyo zetu bila ya kutuvusha mipaka yako. Tujaalie tuwe wakweli kwa watoto wetu, wenye huruma kwa kila ulichotuwekea chini ya mikono yetu, tuliyempa jina na tusiyempa. Utuhurumie siku ambayo sisi ndio tutakuwa hatuna wa kutulilia ila rehema yako. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.